Gari Lenye Usukani wa Kushoto

Hounslow, London
16 Novemba 2003

Mama Wakesho mpenzi,

Leo nimetimiza miaka saba na miezi miwili tangu niondoke Voi. Hujambo wewe? Mguu wa mama umepona? Na Wakesho bado anakohoa? Mimi nipo, ila mgongo unanisumbua kwa kuinama katikati ya viti vya ndege. Tunasafisha moja, nyingine inatua.

Barua yako niliipata Jumanne, nikaisomea kazini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Unasema umeiona picha: gari jekundu la Kimarekani, mwanamke ameketi penye usukani, nami nimesimama kando "kama askari wa geti". Unauliza huyo niliyemnunulia gari ni nani. Picha ile aliipiga Salim, mwenzangu wa kazi, akaenda nayo likizo Mombasa, na najua maneno ya Mombasa hayachelewi kufika Voi.

Mke wangu, itazame tena picha hiyo. Gari ni langu. Lakini limetoka Amerika, na usukani wake uko kushoto. Huyo mama amekaa upande wa kulia, ambao kwetu na hapa ni wa dereva, lakini kwenye gari hili ni wa abiria. Mbele yake hakuna usukani. Ni Mama Nyaboke, mtu wa Kisii, ana wajukuu wanne, tulikuwa zamu moja. Nilikuwa nikimbeba, naye akinisaidia, kwa sababu gari hili haliendeshwi na mtu mmoja. Ukiwa nyuma ya lori huoni mbele. Yeye ndiye aliyekuwa akichungulia: "Pita, baba, pita! La, la, rudi, unataka kuniua kabla sijala pensheni?" Kwenye geti la maegesho mashine ya kadi iko kulia, kwa hiyo alinyoosha mkono yeye. Na kila akiingia alilalamika: "Gari gani hili, mtu anaingia miguu mbele kama maiti?"

Kwa hiyo mwanamke hayupo. Lakini usifurahi bado, maana kosa lipo, na ni kubwa kuliko hilo uliloliwaza.

Krismasi iliyopita nilikwambia ningekuja. Ulimpeleka Wakesho steji ya mabasi na gauni lake jipya, mkakaa mpaka basi la mwisho. Kesho yake nikapiga simu nikasema karatasi zangu zimekwama. Nilikudanganya. Karatasi nilikuwa nazo tangu Mei, na nauli pia nilikuwa nayo. Niliogopa. Nilijiona nashuka Voi baada ya miaka yote ile na begi moja, watu wakinitazama mikono. Ndipo nikaliona gari hili mbele ya nyumba ya Mzungu mmoja jirani, limebandikwa karatasi ya kuuzwa. Kwa gari la michezo bei ilikuwa ndogo, wala sikujiuliza kwa nini. Nikasema nitalipakia melini, nilichukue Mombasa, niingie nalo nyumbani, nawe umekaa kando yangu. Nauli ikaishia hapo.

Nilipokwenda kwa ajenti wa meli, alitembea akalizunguka mara moja tu. Akasema, "Kaka, Kenya hawaandikishi gari lenye usukani kushoto. Na hili limeshazeeka. Hukuuliza?" Sikuuliza. Mimi niliyeziba pancha miaka minne kwenye gereji ya Voi, sikuuliza.

Tangu hapo gari limekuwa kama mgonjwa ndani ya nyumba. Bima yake ni ghali kuliko ya magari ya kawaida, kwa kuwa wanasema ni la vijana wa mbio, nami sijawahi kulipeleka mbio hata siku moja. Linakunywa petroli likiwa limesimama kwenye foleni. Kwenye ukaguzi wa mwaka lilikataliwa mpaka nibadilishe taa, kwa kuwa indiketa za nyuma ni nyekundu na hapa zinatakiwa za rangi ya machungwa, na taa za mbele zinamulika upande usiofaa. Nati zake nyingine ni za inchi, spana za milimita nilizoazima zote zikateleza. Pampu ya maji ilipokufa, nilingoja nyingine kutoka Amerika wiki tano, huku nikipanda basi alfajiri na gari liko mlangoni, limejaa majani.

Mwezi uliopita Mama Nyaboke aliumia kiuno akaacha kazi. Sasa nikifika getini nashuka, nalizunguka gari kwenye mvua, naweka kadi kwenye mashine, narudi mbio kabla geti halijafunga. Walio nyuma wananipigia honi. Jumatano nilipokuwa nikizunguka hivyo nilikuwa na barua yako mfukoni. Hapo ndipo nilipoamua.

Nimempata mzee mmoja wa Walthamstow anayependa magari ya aina hii. Alilala chini akatazama kutu, akateremsha bei, nikakubali. Jumamosi analichukua. Nauli imepatikana, na zaidi ya hapo hakuna kitu. Usimwambie mtu kwamba naleta chochote.

Nisalimie mama mkwe, umwambie asiache kuutibu mguu. Msalimie kaka yangu Mwandoe, fundi wa viatu, akicheka habari ya gari mwache acheke. Msalimie na mchungaji aliyempa Wakesho kipaimara mimi nikiwa sipo. Wakesho mwambie ukweli wa Krismasi ile kabla sijafika. Nataka anijue nilivyo.

Nitashuka Voi tarehe 20 Disemba, kwa basi la mchana kutoka Nairobi. Sikuombi uje steji, umeshakaa pale vya kutosha. Zamu hii nitakaa mimi. Ukiona inafaa, mtume mtu aniite nyumbani. Nitakuwa hapo hapo, hata likipita basi la mwisho.

Mumeo,
Mwakio