Mawese Niliyoyamimina Kwenye Giaboksi

Mjukuu wangu Amina, komredi wa spana na grisi,

Amahoro, yaani amani iwe nawe. Nyanya yako hajambo, na kaka yako amepata kazi kule Gatete. Umeniuliza iwapo waweza kubadilisha oili ya giaboksi ya otomatiki nyumbani, kwa mikono yako. Waweza; ila usiniige mimi.

Wakati wa vita nilirudi kwetu Rumonge kutoka chuo kikuu, ulimi ukiwaka moto. Tulikuwa tumekwisha kumwaga oili kuukuu ya giaboksi ya pikapu ya baba, na madukani mpya haikupatikana. Fundi Saidi akashauri tungoje. Nikapanda juu ya pipa, nikawahutubia majirani: "Hadi lini tutaomba oili ya wageni, ilhali Rumonge inachuruzika mawese?"

"Mwanangu, mawese ni ya maharage," akasema Saidi. Watu wakacheka. Nikamwita mtumwa wa wageni, nikamimina.

Kesho yake tukalazimika kukimbia. Pikapu ilifika sokoni, ikanguruma, ikakataa kwenda. Nyanya yangu hakuweza kutembea. Saidi akainama, akambeba mgongoni. Nilifuata nyuma.

Saidi alifariki kabla sijamwomba radhi, na aibu hiyo haijapungua. Basi pima oili inayotoka, urudishe kiasi kile kile cha aina iliyotajwa katika kitabu cha gari; na fundi akikuambia ngoja, ngoja.

Nimewaomba wanawe tukutane uani kwao Jumamosi, saa nne asubuhi. Safari hii nitasimama chini, nikiri kosa langu.

Babu yako