Kikaratasi Nilichofunga Kwenye Mwanzi

Ijumaa, Riyadh

Nilijua kuna kitu. Miaka miwili madam hajanipeleka popote ila dukani, na leo ananiletea abaya mpya, yalla, twende sherehe ya Kijapani kwenye mall ya Olaya.

Dada yake wa Jeddah alikuwa anatungoja. Akanikagua kichwa hadi miguu, kisha akaniuliza kama naweza kulea watoto wachanga. Kwa madam, ninakofanya kazi, hakuna mtoto mchanga. Huyo dada ndiye ana mapacha wa miezi mitatu.

Ngoma za Wajapani ni kubwa, zinatetemesha kifua, lakini hata sikuzifurahia. Pembeni palikuwa na mianzi iliyofungwa vikaratasi vya rangi. Wajapani huandika ombi lao na kulining'iniza hapo. Lama, binti mdogo wa madam, akanipa kimoja.

"Nekesa, andika na wewe!"

Nikaandika kwa Kiswahili, nikiamini hakuna atakayeelewa: "Mungu, nisipelekwe Jeddah." Likizo yangu ni mwezi ujao. Nikianza kazi kwa mtu mwingine, halas, likizo imekwisha, wanangu sitawaona tena mwaka huu.

Nilipokuwa nakifunga, madam akakielekezea simu. Kumbe siku hizi simu inatafsiri. Alisoma, uso ukambadilika.

"Nani amekuambia?"

Hakusema ni uongo. Aliuliza tu ni nani.

"Hakuna, madam," nikamjibu. "Umeniambia wewe, sasa hivi."

Dada yake akageuka kutazama ngoma. Njia nzima ya kurudi Lama alikuwa akiniuliza Jeddah kuna nini.