Kamera Isiyo na Jicho

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumamosi asubuhi, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Najua hupendi nikuamkie, unasema nakuzeesha, lakini ya leo ipokee tu, maana naitoa nikiwa nimeinamisha kichwa. Hujambo huko? Bega lako je? Mara ya mwisho ulisema pasi za pale hotelini zimelitia ganzi mpaka unachana nywele kwa mkono wa kushoto. Umeenda kumwona daktari, au bado unajipaka ile dawa ya kuchoma na kusema litapoa lenyewe? Shemeji mzima? Na mpwa wangu yule mkubwa ameshaota meno ya mbele, au bado anapiga mluzi kila akitamka "sita"? Mwambie asijali, pengo amelirithi kwa bibi yake.

Sisi huku wazima. Mama magoti yanambana asubuhi, lakini jua likishapanda humkamati. Bati la jikoni lililokuwa linavuja tumeliziba. Mimi niko pale pale kwenye duka la fotokopi, natoa nakala za vyeti vya watu kutwa nzima, na mikono inanuka wino hadi Jumapili.

Utashangaa kuona barua wakati Jumapili iliyopita tumeongea kwa simu. Ni mama aliyeniambia niandike. Anasema kwenye simu nikiona aibu nitasingizia mtandao, lakini karatasi haina mtandao wa kukatika. Basi nimekaa mezani tangu nilipokunywa chai. Nimechana karatasi tatu, hii ni ya nne.

Dada, zile picha za mama hazipo. Sisemi zimepotea. Hazijawahi kuwepo.

Tafadhali usiitupe barua, soma mpaka mwisho.

Nikukumbushe ulivyoniagiza, maana wewe uliagiza vizuri, mimi ndiye niliyesikia nilivyotaka. Ulisema unataka picha moja ya mama, ya kuchapishwa kubwa, anatabasamu, uitundike juu ya kitanda chako. Ulisema za simu ukizikuza zinakuwa madoadoa, mama anaonekana kama mtu aliye nyuma ya kioo cha bafuni. Ukatuma zile pesa ulizofanyia kazi za ziada. Ukasema nitafute kamera ya kawaida, ile ya kubadilisha lenzi, ya mtu anayeanza, hata iwe ya mtumba, mradi ikimpiga mtu aonekane mtu. Na ukasema picha ikishapatikana, kamera nibaki nayo nijifunze. Hilo la mwisho ndilo lililoniingia kichwani kuliko yote.

Jina la Kiherehere ulinipa wewe mwenyewe na hukukosea. Wiki mbili nzima nilisoma habari za kamera mpaka bosi akaniuliza kama nalipwa kwa kusoma au kwa kutoa nakala. Nikajua megapikseli za kila kamera. Nikajua ipi inapiga picha ngapi kwa sekunde moja, kana kwamba mama angepigwa akikimbia mbio. Kila niliyekutana naye nilimwomba ushauri, hata muuza vocha. Mtu mmoja tu sikumuuliza, na huyo nitamfikia.

Mwishowe nikaenda kwa yule fundi wa kamera tunayemwita Mzee Flashi, mwenye kibanda nyuma ya duka la miwani, dakika kumi kwa miguu kutoka kazini. Nikamwambia pesa niliyo nayo. Akaweka mbili mezani, bei yake moja. Ya kwanza ilikuwa kuukuu kidogo, pembe moja imekwaruzika na mpira wa kushikia umeanza kubanduka, lakini ilikuwa na lenzi yake, betri mbili na chaja. Ya pili, Dada, ilikuwa inang'aa! Kioo chake kinageuka kila upande, na video inachukua kama za sinema. Ila ilikuwa mwili mtupu. Mbele, mahali pa lenzi, ilizibwa kwa kifuniko cha plastiki.

Mzee Flashi hakunificha kitu. Akainua lenzi ya ile kuukuu kwenye mwanga wa mlangoni, akanionyesha kioo hakina ukungu. Akasema, "Kijana, picha inapigwa na lenzi. Mwili ni wa kubebea tu. Chukua hii, umpige mama yako leo hii. Hatakuuliza imetengenezwa mwaka gani."

Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nilikuwa nimeshajiona kwenye harusi za watu, shati jeusi, kamera shingoni, watu wananipisha. Rafiki yangu mpiga picha wa harusi, yule anayevaa begi la kamera hata akienda kununua chumvi, alikuwa ameniahidi kuniazima lenzi siku yoyote. Nikajiambia lenzi ni ya kuazima, mwili ndio wa kumiliki. Nikachukua inayong'aa. Mzee Flashi akanifungia kwenye gazeti, akasema mlango wake uko wazi nikibadili mawazo. Nakuapia, njia nzima nilitembea huku nacheka peke yangu.

Sasa ile siku yenyewe. Unamjua mama na picha. Tangu lile jino la mbele litoke, akicheka mkono uko mdomoni, na akiona mtu ameinua simu anageuka kama kaitwa na jirani. Shangazi alimbembeleza wiki nzima, akamwambia ni wewe unayeiomba. Ile Jumapili akakubali. Shangazi akaja tangu asubuhi na kitana na mafuta, akamsuka, akamvalisha lile gauni la buluu ulilomtumia, ambalo alikuwa analiweka akisema ni la siku kubwa. Mimi huku nyuma ya nyumba na rafiki yangu tunahangaika na lenzi. Tunaizungusha kushoto, haiingii. Kulia, haiingii. Akaitazama kwa ubavu, akasema, "Ah! Hii kampuni nyingine, bwana. Haitaingia hata ukiipiga nyundo." Akaiweka lenzi yake begini, akaondoka, alikuwa na harusi ya saa sita.

Wiki mbili za kusoma, Dada, na hilo sikulisoma. Nilikuwa nimekariri vya kujivunia, cha kuanzia nikakiruka.

Nikaingia ndani nikiwa nimeshaamua kusema ukweli. Haki ya Mungu nilikuwa nimeamua. Nikamkuta mama ameshakaa karibu na ukuta, juu ya kile kigoda cha kuzunguka alichopewa ile studio ya picha ilipofungwa, amenyooka, mikono ameilaza mapajani. Akaniangalia, akatabasamu. Na mkono haukwenda mdomoni. Pengo lote likaonekana, na wala hakujali. Sijawahi kumwona mama hivyo tangu tuko wadogo. Shangazi alikuwa amesimama pembeni, machozi yanamlenga.

Mimi nikashindwa. Nikasimama dirishani, nikaziba mbele ya kamera kwa kiganja, kama nimeshika lenzi, nikabonyeza. Ikalia. Nikabonyeza tena. Nikamwambia mama ageuke kidogo, ainue kidevu, amtazame shangazi, anitazame mimi. Nusu saa. Yeye anageuka, anainua, anatabasamu, na mimi napiga giza tupu. Jasho lilinitoka mpaka kamera ikawa inateleza mkononi.

Jioni ukapiga simu, na mengine unayajua. Nilikuambia zimetoka nzuri ajabu. Ukaniomba nikutumie moja kwenye simu, nikasema ni nzito mno, hazipiti. Jumapili iliyofuata nikasema zinasafishwa. Iliyofuata tena, mashine imeharibika. Nawe ukaniambia umeshanunua fremu, na shemeji amepigilia msumari, na wapwa wanauliza kila siku bibi anakuja lini ukutani. Nilikata simu nikasingizia salio. Niliingia bafuni nikafungua maji, nisisikike.

Na kibaya zaidi sicho hicho, nikuambie nacho ili kiishe. Wiki tano zote hizo Mzee Flashi alikuwa pale pale, dakika kumi kwa miguu, na ile kuukuu iko kwenye kabati lake la kioo. Ningeweza kubadilisha siku yoyote. Sikutaka. Nilikuwa nangoja nipate vijisenti vyangu ninunue lenzi, ili hii inayong'aa isinitoke. Uliniagiza kamera ya mama, mimi nikanunua ya kwangu, kwa bega lako. Kila nikikuuliza bega linaendeleaje nasikia haya mpaka masikioni.

Njia ya mwongo fupi. Jumatano nilirudi kutoka kazini nikamkuta mama anapinda pazia. Akanipa sindano nimtungie uzi, maana vya karibu havioni kabisa siku hizi. Nikamtungia. Nikiwa namrudishia, akasema polepole, bila hasira, "Baba, hiyo kamera yako utaitafutia jicho lini?"

Nikajifanya sijaelewa. Akaniambia, "Uzi sioni. Lakini wewe ulisimama dirishani, hatua nne. Huko naona hadi kunguru akitua kwenye waya."

Dada, wewe na mimi tumelishwa na kusomeshwa na studio ile. Mama amefagia pale, amechana nywele watoto wa watu wasilie, amekata kingo za picha kwa mkasi miaka kumi na tisa. Nimemuuliza muuza vocha kuhusu kamera, mama sikumuuliza! Nikapiga magoti pale pale kwenye mapazia. Nikamuuliza kwa nini basi alitabasamu nusu saa nzima wakati anajua hakuna kitu. Akasema, "Nilikuona unatetemeka, mwanangu. Ningefanyaje?"

Nililia, sikufichi. Akaniacha nilie, kisha akaniambia niinuke nimtungie uzi mwingine.

Alhamisi nikaenda kwa Mzee Flashi na ile inayong'aa. Hakunicheka. Aliikagua, akaitia kabatini, akanipa ile kuukuu na lenzi yake, na mkanda akaniongezea. Nikarudi mbio, nikamwambia mama akae nimpige sasa hivi. Akakataa. Akasema hakai tena kwenye kile kigoda mpaka nimwandikie dada yangu kila kitu, na barua aisome mwenyewe kwanza, ahakikishe sijajipunguzia. Ndiyo maana imekuwa ndefu hivi.

Basi nisamehe, Dada. Sina cha kujitetea. Usimwambie shemeji ang'oe msumari. Na ukitaka kunigombeza piga simu Jumapili, sitakata, nitasikiliza hadi mwisho.

Mpe shemeji salamu, wapwa wabusu kila mmoja kwenye paji. Shangazi anakusalimu na anasema nywele alizosuka siku ile zilikuwa nzuri, zimepotea bure kwa ajili yangu, na hatanisukia mtu mwingine. Jirani yetu fundi cherehani naye anakusalimu, anauliza lile gauni la buluu lilishonwa na nani. Mungu alipoze bega lako, akuzidishie wepesi kazini, na akurudishe nyumbani siku moja tukuone kwa macho yetu, bila kamera.

Ni mimi mdogo wako, mkosaji, nikupendaye kuliko ninavyojua kuonyesha,

Kiherehere.

Nyongeza, siku hiyo hiyo saa tisa:

Mama ameisoma. Alikaa pale karibu na ukuta kwenye mwanga, akainyoosha barua mbele yake mbali kabisa, unavyomjua, miwani amekataa. Nilikuwa nimesimama dirishani na kamera kuukuu shingoni, nangoja hukumu. Alisoma kurasa zote. Alipofika pale ninapomwambia ainue kidevu na huku nimeziba kwa kiganja, alicheka, Dada! Akacheka mpaka kigoda kikazunguka. Nikabonyeza mara moja tu, bila hata kumwambia.

Nimeichapisha kazini, bosi ameniruhusu. Kingo amekata mama mwenyewe kwa ule mkasi wake wa zamani, kwa kupapasa na vidole, kwa kipimo cha fremu ulichonitajia. Nimeiweka katikati ya makaratasi mawili magumu, usiikunje. Mzee Flashi nimemwonyesha, anasema imetikisika kidogo upande mmoja na anaweza kunifundisha nipige bora zaidi. Mama anasema itumwe hii hii.

Utaona mwenyewe. Barua hii ameishika kwa mikono yote miwili, kwa hiyo hakubaki na mkono wa kuzibia mdomo.