Wimbo Uliovaa Viatu

Mpendwa mama,

Shikamoo. Nimeitamka kwanza, ndipo nikaiandika, nikangoja kidogo kama vile ungeitikia. Nakijwa, mjukuu wako ambaye hukujaliwa kumwona, amelala mgongoni. Nikikaa anaamka, kwa hiyo nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya pipa la maji.

Tulishuka, mama. Ulituacha Gonja, kwenye migomba na ukungu. Sasa tuko huku tambarare, kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari na upepo unapita katikati tangu asubuhi. Viongozi wa kijiji walipouliza nani anajua kutunga nyimbo, wanawake wa kwetu walinisukuma mbele, wakisema huyu ni mtoto wa yule mama aliyekuwa akiimbisha kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Niliona fahari. Sikujua napokea nini.

Unaikumbuka siku uliyoniambia niongoze mimi? Nilikuwa nimetoka shule juzi, najiona nimesoma. Ndiva ilikuwa imejaa tope, maji ya mashamba hayana pa kulala. Baragumu limeshapigwa, watu wote wamekuja na majembe yao kwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, na mimi hapo na wimbo wangu wenye maneno marefu ya kitabuni. Nikaanza. Majembe yakagongana. Huyu anapandisha, yule anashusha. Baba mdogo akasema heri arudi nyumbani vidole vyake vikiwa bado vimetimia. Watu wakaangua kicheko, mimi nikataka kulia. Wewe ulinisogelea, ukaninong'oneza:

"Wimbo wako umevaa viatu, mwanangu. Uvue, ndipo uingie topeni."

Nikakata maneno palepale, nikabakiza yale mafupi. Majembe yakapanda pamoja, yakashuka pamoja, tope likatoka. Jioni nikawasikia watoto wakiuimba mferejini. Ukaniambia nisimsikilize anayenisifu, nisikilize majembe, maana majembe hayamwonei mtu haya.

Sasa huku, shamba la kijiji linalimwa na trekta. Sikatai, mama, ni jambo jema, migongo imepumzika. Ila trekta haliitiki. Nyimbo tunaziimba mbele ya ofisi, mikono mitupu, mgeni amekaa kivulini.

Majuzi tuliambiwa mgeni wa serikali anakuja, na katibu wa kijiji akataka wimbo. Niliutunga nikitwanga, nikinyonyesha, nikingoja zamu kisimani. Mstari ukija, mtoto analia. Nikimbembeleza akinyamaza, mstari nao umeshakwenda zake. Nikaupata hivyo hivyo, vipande vipande. Ndani niliweka kwamba sisi tumeshuka na ndoo zetu, tunaomba na maji nayo yashuke. Katibu akasema, kwa upole wake, hapo pa maji pafutwe, mgeni hapokelewi kwa malalamiko.

"Ndugu katibu," nikamwambia, "ukiyatoa maji, kinachobaki ni vumbi."

Alisema nina ulimi wa mlimani. Sikuondoka pale mpaka akachoka yeye, na tukauimba mzima.

Makofi yalipigwa, mama, mengi. Nikafurahi. Halafu yakapigwa mengi vile vile kipaza sauti kilipokubali kuwaka, na tena mwenyekiti alipomaliza kukohoa. Hapo moyo wangu ukaanza kupoa.

Kesho yake niliwahi kisimani, nikajifanya nasugua ndoo. Wakaja wale wale niliowaimbisha. Waliongea habari za kuni, za surua, za mume wa fulani. Wimbo hakuna. Nikamwuliza jirani yangu aliuonaje.

"Mzuri sana, mama Nakijwa," akasema. "Hivi ulianzaje vile?"

Nilirudi nyumbani, nikachukua jembe, nikaenda kwenye kipande changu cha mahindi nyuma ya nyumba. Nikauimba nikilima. Jembe likashuka sawasawa, mstari kwa mstari. Nilivyofurahi, hata Nakijwa aligeuza shingo kunitazama. Kisha wasiwasi ukaniingia. Nikauimba ule mbovu, ule wa ndiva, wenye viatu vyake. Jembe likashuka sawasawa.

Ndipo nikasimama. Jembe moja halina la kugongana nalo. Linakubali kila kitu, kama makofi.

Nimemwambia katibu atafute mwingine. Alisema ni uchovu wa ulezi, nitarudi. Nimechoka kweli, mama, lakini sitarudi. Si kwamba maneno yamekauka. Bado yananijia, hata leo yamenijia nikichambua mchicha. Ila siwezi tena kujua lipi ni wimbo na lipi ni kelele zangu tu, na huku hakuna wa kuniambia. Kila mtu ananisifu. Nilidhani kuchekwa ndiko kunakouma. Kumbe siku ile baba mdogo na vidole vyake alikuwa ananipa kitu.

Nakijwa nambembeleza kwa nyimbo zako. Zako najua zilipita wapi.

Pumzika, mama. Zamani ulikuwa unaniletea mstari usingizini, nikiamka ninao. Ukileta tena nitaupokea kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha kupokea vya wakubwa. Lakini hata nikiuvua viatu, sina tope la kuuingiza.

Ni mimi,
kitinda mimba wako