Picha Yangu Ndani ya Maua Yako

Deo, braza,

Kama habari zinafika huko uliko, basi umeshasikia: mwenzio nimetoka kimaisha. Bahati yote ya fremu yetu ya duka imehamia upande wangu wa meza. Kipeperushi changu kimezagaa Temeke nzima, kimevuka mpaka Tabata, na kuna mtu kakiona Kawe kimebandikwa kwenye duka la dawa. Wateja wanakuja na kompyuta kwapani na kipeperushi mkononi, na neno la kwanza wanalotamka wakifika mlangoni ni Shabani. "Shabani yupo? Tumeambiwa tumwone Shabani." Mpaka naona haya. Na unajua mie haya si kitu nilichozaliwa nacho.

Nakuandikia kwa sababu kaburi lako liko Ngara, na Ngara si Tandika kwamba navuka barabara naja kukusalimia. Ningekuwa na namna ningekaa hapo pembeni yako nikakusimulia kwa mdomo. Kuandika si kazi yangu. Shule niliiacha kidato cha pili, na shule yenyewe ikashukuru. Lakini leo nimekaa kwenye kiti chako, kile kilichofungwa mpira mguu mmoja, na nina neno ambalo hapa Buza hakuna wa kumwambia.

Nina wivu na wewe.

Nimeshasema. Wenzangu wanawaonea wivu walio hai, wenye magari na wenye nyumba za ghorofa. Mie, mtu niliyefika mpaka Dubai (uwanja wa ndege tu, lakini Dubai ni Dubai), namwonea wivu mtu aliyelala chini Ngara.

Ulianza kunikera siku ile ile ya msiba. Nilijua una watu, ila sikujua una watu kiasi kile. Maturubai yalijaa mpaka barabarani. Masista wa ile shule ya chekechea walikuja. Mwalimu wa Kawe, yule uliyemwokolea mitihani ya darasa zima kwenye kompyuta iliyomwagikiwa chai, alilia kuliko wanao. Tulipokusindikiza mpaka Mbezi Luis kwa safari ya kwenu, magari yalifuatana mpaka kijana mmoja wa stendi akaniuliza, "Huyu alikuwa mheshimiwa gani?" Nikamjibu, "Fundi kompyuta." Akadhani namtania msibani. Nilikuwa nimesimama pale machozi yananitoka, machozi ya kweli, Deo, usije ukasema nilikuwa naigiza. Lakini upande mmoja wa kichwa changu ulikuwa unauliza: mie siku yangu watakuja wangapi?

Halafu ile ratiba ya mazishi. Neema wa steshenari ya kona aliitengeneza mwenyewe. Picha yako katikati, ile ya shati la bluu ukicheka, imezungukwa na duara la maua meupe, njiwa wawili juu, na chini maandishi ya dhahabu: Alihudumia watu kwa upendo. Ulipendeza, braza. Mtu mwenye pua kama yako hakutakiwa kupendeza kiasi kile.

Ulipoondoka, wateja wakakauka. Mtu anafika, anachungulia. "Deo yupo?" Nikimwambia Deo ametutoka anashika kichwa, ananipa pole, analia kidogo, kisha anaondoka na kompyuta yake. Ile ile aliyokuja nayo. Mie nimesimama na bisibisi mkononi. Miaka yote tumekaa meza moja, feni walizodhani umezisafisha wewe nusu nilizisafisha mie, ila ndiyo hivyo, mie nilikuwa naongea na wewe ndiye ulikuwa unaaminika. Mwenye fremu naye akaanza kupita kila asubuhi. Shikamoo yangu anaipokea huku anapima ukuta kwa macho. Kuna mtu wa saluni anapataka. Mwisho akanitamkia: "Shabani, mwezi ukiisha hivi hivi bila wateja, nampa mwenzio." Kwa hiyo ishu ilikuwa moja tu. Watu wajue kwamba ndani ya ile fremu bado kuna fundi, na fundi huyo ni mie.

Nikaenda kwa Neema kutengenezewa kipeperushi.

"Kaka Shabani, unataka kiweje?"

"Unakikumbuka kile cha Deo?"

"Kipi?"

"Cha msiba. Nataka hicho hicho. Maua, njiwa, dhahabu."

Akaacha kubonyeza. "Kaka, kile kilikuwa cha msiba."

"Kizuri ni kizuri. Wewe weka."

Nikampa picha yangu ya suti na miwani myeusi, niliyopiga kwenye harusi ya binamu. Nikamwambia aandike kila kitu: laptop, kompyuta za mezani, printa, simu, redio, kupiga Windows upya, kutoa virusi, kurudisha picha zilizopotea, kufunga kamera na ving'amuzi, pasi za umeme, ushauri wa maisha na ndoa. Nilipofika kwenye ndoa alicheka. Nikamwambia andika. Namba ya simu ikakosa nafasi, ikasimamishwa wima pembeni, tarakimu kama chawa. Juu tukaweka Shabani, Daktari wa Kompyuta. Na chini, kwa dhahabu, Anahudumia watu kwa upendo. Sikuwa tayari mtu wa Ngara anizidi kupendeza hapa nyumbani kwetu.

Nikavigawa Ijumaa nje ya msikiti, na vingine nikavibandika sokoni.

Kesho yake asubuhi Mama Zuhura, mama ntilie wetu, anakuja mbio, kanga kaifunga kiunoni, analia njia nzima. "Jamani Shabani, jamani mwanangu, juzi tu kala maharage yangu." Akanikuta nimekaa nakula chapati zake. Akasimama. Akanitazama, akakitazama kipeperushi, akanitazama tena. Halafu akanichapa nacho kichwani. "Mtu mzima hovyo. Unajitangazia kifo?"

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna hata mmoja aliyesoma maneno. Waliona sura yangu katikati ya maua, wakaona njiwa, basi, kilichobaki walikimalizia wenyewe. Mama yangu akapiga simu kutoka Mkuranga, hakutoa hata salamu. "Ni wewe unayeongea?" Nikasema ni mie mama. "Sema kitu anachokijua Shabani peke yake." Ilibidi nimkumbushe mbuzi wa jirani. Habari za yule mbuzi haziandikwi.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo unapotakiwa kunicheka. Nilifurahi. Nilijisemea, haya, Deo, leo tutaona. Nikatoa benchi nje, nikapanguza vumbi, nikakaa ndani nisionekane vizuri, nikasubiri watu wangu.

Walikuja watatu. Jirani wa vocha alitaka kujua nazikwa leo au kesho, ajipange kufunga duka. Dada mmoja aliingia taratibu, kichwa kainamisha, mtandio kauvuta mpaka usoni. "Poleni sana na msiba. Samahani, kuna laptop yangu nyeusi niliiacha kwa marehemu." Marehemu ndiye aliyemkabidhi. Akaipokea, akasema asante, akafika mlangoni ndipo akapiga ukelele.

Wa tatu alikuwa shemeji Anna. Mkeo, braza. Alikuja na kifuko cha mchele, kama inavyokujiwa msibani. Aliponiona hai hakucheka wala hakukasirika. Alikaa kwenye benchi akalia upya. Sidhani kama alikuwa ananililia mie. Nikakaa naye. Mchele akaniachia. "Kula tu shem. Sirudi nao nyumbani."

Kisha akakichukua kipeperushi akakisoma chote, mpaka ndoa. Ni yeye peke yake aliyekisoma chote.

"Shem, umeandika kila kitu humu isipokuwa kile kitu."

"Kitu gani?"

"Vifuko."

Vifuko vyako vya kaki, kama vya dawa, alivyokuwaga anakukunjia nyumbani. Kila ulichokitoa kwenye mashine ya mtu, feni iliyokufa, betri iliyovimba, diski iliyogoma, ulikitia humo ukamkabidhi mwenyewe. "Hiki ndicho kilichokuwa kinamuumiza." Na mie pembeni nakucheka: unawafungia watu takataka za nini, si utupe? Kumbe mji mzima huu unaogopa jambo moja tu, kwamba ukimwachia fundi kompyuta yako, atachomoa kizima na kukurudishia kibovu. Wewe uliwatoa hofu hiyo bila kusema neno. Mie nilikuwa nawaahidi ushauri wa ndoa.

Nikarudi kwa Neema. Safari hii nilinyamaza yeye akaongea, na usishangae sana, ilinitokea. Akaniambia, "Kaka, mtu anakisoma huku anatembea, mkono mmoja una mzigo. Anashika jambo moja tu. Chagua." Karatasi nyeupe, hakuna ua, hakuna njiwa, hakuna suti. Herufi kubwa nyeusi: Tukitoa kitu kwenye kompyuta yako, unaondoka nacho mkononi. Chini yake namba ya simu, kubwa, unaisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Mwisho ni mahali tulipo, mkabala na mashine ya kusaga, Buza.

Na jina. Hapo tulikwama. Neema aliandika Kwa Deo, mie nikamfutisha, nikasema andika Kwa Shabani. Akaandika bila ubishi, akanitolea kimoja nikione. Nikatoka nacho nje, nikamwendea bodaboda wa kona, kijana mgeni mgeni, nikamuuliza, "Eti Kwa Shabani ni wapi?" Akajikuna. "Shabani yupi?" Nikasema fundi kompyuta. Akafikiri, uso ukamfunguka. "Aa, yule jamaa muongeaji wa pale Kwa Deo?"

Nikarudi ndani. Nikamwambia Neema arudishe jina lako. Akafuta, akaandika, Mungu ambariki.

Basi watu wakaanza kuja. Kwanza mmoja mmoja, sasa benchi halitoshi, na mwenye fremu ameacha kupima ukuta; siku hizi anakaa hapa anasoma gazeti na anawakaribisha wateja kama vile alichangia. Yule wa saluni amepata sehemu Yombo. Shemeji anakunja vifuko, na kila Jumamosi nampelekea sehemu yako, sisemi ni shilingi ngapi, ni sehemu yako. Wanao wanakula na kusoma. Mkubwa ana pua yako, pole yake.

Mwalimu wa Kawe naye amerudi. Nilimtengenezea, nikamtilia feni yake ya zamani kwenye kifuko, nikamkabidhi kwa mikono miwili, nikasema ulivyokuwaga unasema. Akafungua, akachungulia, akatabasamu mpaka macho yakalowa. "Kama Deo kabisa." Nusura niichukue ile kompyuta niiharibu upya. Namna gani hii, Deo? Kazi nifanye mie, jasho litoke mie, halafu shukrani zipande gari ziende Ngara?

Ulikuwa unaniambiaga, "Shaba, nyamaza kidogo niisikie feni." Mie najua unanikomesha tu. Sasa hivi nikifungua asubuhi hakuna wa kuongea naye, nawasha mashine ya mtu, nanyamaza. Na naisikia. Kumbe kweli ulikuwa unasikia kitu.

Ningekurudishia wateja wote hawa, braza, na benchi, na sifa, na hayo maua. Ukae hapa uaminiwe, mie niongee.

Lala salama, wewe mtu wa bara uliyekuja kunifilisi jina nyumbani kwetu. Nakuahidi kibao cha Kwa Deo pale mlangoni sikifuti. Ile O iliyochubuka nitaipaka rangi kabla ya mvua. Vifuko havitakosekana mezani. Na nikijaliwa kufika kwenu nitakuletea kipeperushi, nikibane kwa jiwe hapo kichwani pako, ukione mwenyewe, hakina ua hata moja na kinafanya kazi.

Na lile nililokuanzia nalo kule juu, kwamba wakifika mlangoni wanamtaja Shabani, nimelitunga. Hajaja hata mmoja akaniulizia mie. Wanasimama na karatasi mkononi wanauliza, "Hapa ndiyo Kwa Deo?"

Nasema ndiyo, karibuni.

Mie mwenzio,
Shabani wa Kwa Deo