Kile Kikombe Nilikushikia

Basi Auma, nimekubali. Nimemwambia yule daktari wa damu akuje leo na sindano yake, kabla nibadilishe roho tena. Tangu tukupeleke Siaya tukakulaza kando ya baba yako, amekuja hapa Kitengela mara tatu kuniomba damu. Mara tatu nikampa chai, nikamwambia mguu unaniuma. Sasa mguu na damu ya mkono zinajuana wapi? Anakunywa chai, anaenda. Ako na adabu, huyo mama.

Jirani yetu Nasieku ndiye ananiandikia, si unajua mimi na kalamu hatujuani. Ameketi kwa kiti yako. Ng'ombe zake ziko hapo nje na wenye ploti wanazifukuza, hakuna mahali ya kuchunga siku hizi, kila mahali ni waya na mawe. Ile pande ulikuwa unaniita tuone twiga, sasa ni maghorofa... Nilikuwa nasema nini? Damu.

Unakumbuka vile rangi iliisha kwa mdomo, ukipanda ngazi mbili za kanisa unakaa chini. Nikajua ni damu imepungua. Nikakupikia maini mpaka ukachukia hata harufu. Halafu Nasieku akaleta ile damu ya ng'ombe, ya moto, imechanganywa na maziwa, vile kwao Umaasaini wanapatia mama ametoka kuzaa. Anasema nisiseme hiyo. Andika, Nasieku. Andika tu, usilie kwa karatasi. Ulikuwa unageuza uso, mwanangu. Ulisema, "Mama, leo hapana." Nikakushika kidevu, nikakushikia kikombe mpaka ikaisha. Nikakupanguza mdomo. Nikafurahi.

Sasa sikia kitu hukungoja kuambiwa. Yale maji ya mfupa walikutoa kwa kiuno huko Kajiado, ukauma leso yangu, daktari aliyaweka kwa darubini akaniita niangalie. Auma, ilikuwa shanga! Shanga ndogo ndogo za bluu, zimezunguka kama zile Nasieku anavaa shingoni. Nikasema, ni mzuri. Akasema, mama, hiyo ni chuma. Ati ndani ya mwili kuna vitu vidogo sana kama jiko, hapo ndio chuma inapikwa ikuwe damu. Zako zilikuwa mbovu. Chuma inaingia, haipikwi, inarundikana, inaenda kuharibu moyo. Kazi yake yote ni kuchunguza hizo jiko. Na mtoto anazipata kwa mama peke yake, baba hatoi hata moja. Nikamwambia, hata huko wanaume wamehepa! Tukacheka sana.

Nikafika nyumbani nikakaa kwa kitanda yako, sikuvua hata viatu. Kwa mama peke yake. Sasa unajua kwa nini mguu ulikuwa unauma.

Aliniambia vikombe vyangu vilikuwa kitu kidogo, ile damu ya kuongezewa hospitali ndiyo ilileta chuma mingi, na bila hiyo ungeenda mapema. Sawa. Lakini hospitali haikukushika kidevu.

Ningenyamaza hivyo mpaka nikufuate. Lakini ni Atieno wako, huyu mjukuu umeniachia. Juzi nikimwosha mikono nikaona kiganja imekuwa nyeupe kama unga. Dispensari wakampa tembe za chuma za kuongeza damu. Nimezificha kwa mkebe wa sukari. Simpi, na sijui kama namwokoa ama namnyima. Daktari anasema akichukua damu yake na yangu azipime pamoja, anaweza kujua. Hakusema atajua. Anaweza.

Na kama itasema ilitoka kwangu, wacha iseme.

Pumzika, Auma. Mwezi wa kumi na mbili nitakuletea hii barua mwenyewe, nipalilie hapo kwako. Na nakuahidi hii moja: Atieno sitamshika kidevu. Akigeuza uso, nitaweka kikombe chini, nimuulize.

Gari imesimama kwa geti. Ni Atieno ananiita, unamsikia? "Dani! Dani, kuja, wamefika!" Amekimbia kutoka kwa geti, sasa ameketi kwa mlango anatafuta pumzi.

Weka kalamu, Nasieku. Nisaidie kukunja mkono ya sweta. Naenda.