Kitanda cha Viwiko Viwili

Jumapili, Babati. Jua limetoka lakini halisaidii kitu. Upepo wa mwezi wa saba unashuka kutoka mlima Kwaraa na vumbi lake, na nimevaa koti ndani ya chumba changu mwenyewe. Mabega yanauma. Jana tulimwaga zege tangu asubuhi.

Leo nimemaliza kitanda. Nilidhani nitaandika kwa furaha.

Mke wangu, Mama Neema, yuko Kasulu na mtoto. Niliwaacha huko mwaka juzi nikaja huku kubeba zege na tofali. Nimemwomba mara nyingi aje, hata mwezi mmoja tu, baada ya mavuno. Wiki tatu zilizopita alikubali, ila akaniuliza kwenye simu, "Una kitanda lakini? Mimi siji kulala chini kama mgonjwa wa zahanati."

Nikasema ninacho.

Nilikuwa na mkeka na mablanketi mawili.

Kwenye saiti yetu ya Bonga, mbao za kumwagia zege zikishachoka huwa anapewa mama anayetupikia chai, azifanye kuni. Ndivyo tulivyozoea, hakuna anayeuliza. Nilimwendea nikamwomba anibakizie chache. Akanicheka mbele ya watu.

"Hizi zimekunywa oili chafu, Baba Neema. Utalala au utateleza?"

Lakini alinipa. Tukapatana nimpasulie kuni zake wiki nzima kabla ya kazi kuanza, na nimempasulia.

Mimi si seremala. Niliacha shule darasa la tano, na mbao nazijua kwa kuzibeba begani. Kila nikitoka kazini nilikuwa nakaa uani nang'oa misumari, naigonga juu ya jiwe mpaka inyooke, nakwangua saruji kwa kipande cha panga. Mbao nilizifua kwa sabuni ya unga kama nguo. Mpaka sasa chumba kinanuka gereji.

Sina futi ya kupimia. Basi nilipanga mbao chini, nikalala juu yake chali, mikono ubavuni, nikachora kwa mkaa pale viwiko vinapoishia. Nikaongeza vidole vinne kila upande. Nikaona nimejipa nafasi ya mkuu wa wilaya.

Leo mchana nimepiga chaga ya mwisho. Nikakikalia, hakikulia. Mlango ulikuwa wazi, na mwenye nyumba wangu, Mama Zuhura, akapita na ndoo yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hee, hongera! Kimesimama." Akatua ndoo, akaingia, akapima upana kwa shibiri zake, moja, mbili, tatu, ikafika nne na nusu hivi. "Hiki ni cha bweni, Baba Neema. Mke anakuja, au unarudi shule?"

Nilicheka. Yeye alichukua ndoo yake akaenda.

Nikabaki nakiangalia.

Wiki tatu nimefanya kazi hii kwa ajili ya mke wangu. Nilikuwa nataja jina lake kila msumari ukigoma. Na siku ya kupima, nililala pale chini peke yangu nikachora pande mbili za mwili wangu, wala haikunijia kwamba kuna mtu wa pili. Mtu akiniambia si kosa la vipimo, sitabishana naye.

Kitu kingine nitakiandika hapa kwa sababu wanaosoma hapa hawanijui. Nilishika simu nimwambie asije. Nimwambie saiti ina kazi nyingi, tungoje mwakani. Na nilipowaza hivyo moyo ukatulia. Nikaona jinsi itakavyokuwa rahisi: nitalala kwenye kitanda changu, nitaamka, nitaenda kazini, na hakuna atakayeniuliza chochote.

Huko kutulia ndiko kulikoniogopesha.

Nikaweka simu, nikachukua nyundo, nikazigonga chaga kutoka chini moja baada ya nyingine mpaka zikang'oka zote. Watoto wa jirani walikuja kuchungulia wakidhani kuna ugomvi.

Sasa kiko vipande vipande sakafuni. Mbao zilizobaki zinatosha kukipanua, nimehesabu mara mbili. Shida ni moja. Mbao ya ubavuni iliyo nzima, ndefu, ni moja tu; nyingine imepasuka nilipokuwa nakibomoa. Ya pili lazima niiunge kwa vipande viwili, na hata nikiipiga misumari mingi vipi, upande huo utakuwa dhaifu. Nataka yeye alale upande wenye mbao nzima. Mimi hata kikivunjika nimeshazoea sakafu.

Lakini Mama Neema huwa analala upande wa ukutani au upande wa mlangoni?

Sikumbuki.

Nimekaa hapa nafumba macho. Nakumbuka kovu la jembe kwenye mguu wake. Nakumbuka anavyokohoa akikaribia kucheka. Miaka sita tumelala pamoja, na hilo limenitoka kabisa.

Mume kuuliza swali kama hilo ni aibu. Hata hivyo kesho, wakati wa chai, nitasogea pembeni kwenye mchanga nimpigie. Nitamwambia kwamba sikuwa na kitanda, nilimdanganya, na kwamba nilichotengeneza kilikuwa changu mwenyewe. Kisha nitamuuliza. Anaweza kukata simu. Anaweza pia kusema basi, asije tena.

Akinijibu ni upande upi, jioni nitaanza na mbao ile nzima.